Kiti cha Katikati

Popote walipokaa, Anselmi na mpenzi wake Lukiko waliacha kiti kitupu katikati yao, watu wasije wakawashuku. Hata humu kwa Mama Chausiku, baa ambamo wanaume walicheza na wapenzi wao wanaume na jogoo alilala juu ya friji, mvi ziliwakuta na kiti kile kile.

Usiku huo baa ilifurika. Mama Chausiku akawajia.

“Wazee wangu, hiki kiti kina mtu?”

Anselmi akamtazama Lukiko.

“Hakina, mama. Hakijawahi kuwa na mtu. Chukua!”

Lukiko akasogea, bega likagusa bega. Baa nzima ikalipuka kwa vigelegele, jogoo akaamka akawika, na kiti kikapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, kikielekea mlangoni, aliposimama mgeni ambaye bado hajaamua kuingia.