Mashine Zikizimwa

Mgeni aliingia kiwandani mwetu, hapa Kilifi, bila hodi. "Mimi ndiye meneja mpya," akasema, akaamuru mashine za kubangulia korosho zizimwe.

Mashine zikiunguruma, sote huongea kwa ishara alizotufundisha Kadii, mwenzetu kiziwi. Zikizimwa, yeye peke yake huachwa nje ya mazungumzo. Nilikuwa nimemwahidi: litakalosemwa hapa, zuri au baya, atalipata kwangu.

Meneja alipoanza kuhutubia, nikainua mikono.

"Wewe dada, unacheza ngoma?" Baadhi wakacheka.

"Namfikishia mwenzangu maneno yako, bosi."

"Utamweleza baadaye, kwa ufupi."

"Mbona sisi hutuelezi kwa ufupi?"

Kicheko kikakatika. Vidole vyangu, vyeusi kwa mafuta ya maganda, sikuvishusha.

"Shusha mikono, ama kazi huna!"

Nikamfikishia Kadii hilo pia. Akatikisa kichwa, akanisihi niache.

"Basi umefutwa! Toka!"

Kadii alinitazama, akingoja. Nikajigusa kifua, ishara ya "mimi", kisha nikamwonyesha maneno hayo taratibu, bila kuyapunguza.