Mawe ya Kutuliza Nyumba

"Uwii!" Mama mkwe alishika kidole cha mguu. "Jiwe lingine? Hapa mlangoni?"

"Pole, Mama. Ni la mtoni hilo, linatuliza akili," mkaza mwana alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani.

Fundi huyu wa nguo alitaka kitu kimoja tu: utulivu ndani ya nyumba. Tangu mama mkwe ahamie kwao, ulikuwa umetoroka. Mama alionja kila sufuria na kuikunjia uso, alipanga upya makabati, na wateja walipokuja kupimwa aliwaonyesha mshono uliopinda.

"Ni upweke tu, mke wangu," mume alisema. "Tumtafutie cha kumpoza."

Jirani wa ghorofa ya chini ndiye aliyempa fundi habari za vitu vya asili. Alikuja mwenyewe na kapu la mawe, na gogo lenye gome lake.

"Kwangu yalileta amani hata mwezi haukuisha," alisema.

Basi mawe yakatandazwa njia nzima ya chooni. Gogo likasimama kando ya kitanda cha mama mkwe, likaanza kutema sisimizi. Godoro lake la sponji likapisha la majani makavu, lililochakarika kila alipogeuka.

"Mwanangu, hii ni nyumba au msitu?"

"Vumilia, Mama. Dawa ni chungu kabla haijaponya."

Mume aliguswa. "Mama, huyu anakuhangaikia kuliko hata mimi niliyekuzaa."

"Nani kamzaa nani?" mama mkwe alifoka, akijikuna.

Ijumaa alifunga mizigo. "Nakwenda kwa dada yako. Kwake ni vigae na plastiki tupu. Nitapumua."

Mume alimsindikiza stendi. Aliporudi alimkuta mkewe ameinama akiokota mawe, mabega yakimtikisika.

"Usilie, mke wangu. Ulijitahidi mno."

Mume alipoingia kuoga, fundi alishuka ngazi na kapu kiunoni, akagonga kwa jirani.

"Shoga, mawe yako haya. Nimeyaosha."

Jirani alichungulia huku na huku, akalisukuma kapu.

"Usiniletee mimi. Yapandishe ghorofa ya tatu kwa yule mwalimu. Mama mkwe wake anahamia kesho."