Gambuti za Mama Rukia

Kila asubuhi simu huniambia kama benki inanihitaji. Leo haikunihitaji. Mke wangu Mwanaidi, mzibua mitaro, hangoji simu ya mtu. Sheria inasema wanaoufanya mji uishi hawafukuzwi, na mishahara yao hutoka kabla ya yetu sote. Mtaani mimi naitwa "mume wa Mwanaidi." Mimi, na digrii zangu!

Leo yuko kitandani, homa imembana. Nikajaribu gambuti zake pale mlangoni. Zikanikaa sawasawa. Sheria hiyohiyo inasema mmoja wao akifariki, kazi yake humwendea mumewe au mkewe.

"Baba Rukia," akaniita huku akikohoa, "niletee ile dawa."

"Nakuja, mama."

Nikakaa kizingitini, nikaanza kuzifuta tope, taratibu.