Injini Inayojiwasha

Tundu la hewa lilikuwa limezibwa na mto wa kulalia.

Chediel aliuvuta, akauweka kando. Chini yake alikuta blanketi, limesukumwa hadi ubavuni mwa kiti cha nyuma, pale pale betri kubwa ya gari inapovutia hewa. Feni ya betri ilikuwa imejaa nyuzi na manyoya.

"Ugonjwa ni huu, mama," alisema. "Injini yako ni nzima. Betri inakosa hewa, inachemka, basi gari linajipunguzia nguvu lisije likaungua."

Theodora aliitikia kwa kichwa. Jua la saa saba lilikuwa likichoma mabati ya gereji, lakini yeye alikuwa amejifunga mtandio hadi kidevuni. "Ndiyo maana lilinishinda kwenye vilima vya kwenda Kiomboi," alisema. "Nilikuwa naenda kwetu. Ikabidi nirudi."

Magari ya namna hiyo, ya mafuta na umeme kwa pamoja, yalikuwa bado mageni Singida. Tangu serikali iruhusu biashara huria watu waliagiza Japani kila chenye magurudumu, na aliyeleta hili alikuwa mume wake, Mzee Mathayo, mwenye mashine za kukamua alizeti. Huyo huyo ndiye aliyemwombea Chediel kiwanja cha gereji, akasimamia na ndoa yake. Chediel alimhesabu kama baba.

"Kuna lingine, fundi," Theodora alisema. "Usiku likiwa bandani, nimeliacha linatoa joto tu, kimya kabisa. Mara injini inawaka yenyewe."

"Hilo si kosa. Likiwa kimya hivyo hujalizima. Betri ikipungua, injini inajiwasha kuijaza. Lakini usiliache hivyo ndani ya banda, mama. Moshi wake unaua."

"Una harufu?"

"Ile hewa yenyewe inayoua haina."

"Mtu akiwa usingizini ataamka?"

"Haamki."

Alitazama barabarani. "Na mlango wa banda ukiwa wazi?"

"Ukiwa wazi ni afadhali, hewa inapita. Ila ningekuwa mimi, nisingejaribu."

Theodora akashusha pumzi. Alichukua mto wake na blanketi, akaingia garini, na kabla hajagusa kitu kingine akaifunga milango yote kwa ndani. Kisha akateremsha kioo kidogo. "Mzee asijue kwamba nimekuja hapa," alisema. "Nakuomba sana."

Gari likaondoka bila sauti, kama linasukumwa na upepo.

Maneno yale hayakumtoka Chediel kichwani. Aliwahi kufunga nyaya za taa nyumbani kwa Mzee Mathayo. Banda la gari lilipakana na chumba cha kulala cha mzee, na katikati palikuwa na mlango mdogo wa mbao. Kila alipoinama kwenye injini ya mtu aliuona mlango ule, na mzee amelala upande wa pili. Mke gani anauliza kama aliyelala ataamka, kisha anaomba mumewe asijue?

Kesho yake alikwenda kiwandani. Mzee Mathayo alikuwa peke yake ofisini, nje mashine zikinguruma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekupauka?"

Chediel akamweleza yote: injini inayojiwasha, hewa isiyo na harufu, maswali ya Theodora. Alisema kwa aibu, akitazama sakafu, na alipomaliza alitegemea mzee atafoka au atalia. Mathayo hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinuka akafunga dirisha, kelele za mashine zikapungua.

"Kwa hiyo mlango wa banda ukiwa wazi hakuna kinachotokea," alisema.

"Ni mara chache, mzee. Hatari ni ukifungwa."

"Na huyo mtu akijifungia vioo?"

"Havizuii kitu. Mzee, kalale kwingine. Au twende polisi."

Mathayo alimwekea mkono begani. "Mambo ya nyumba yanamalizwa nyumbani. Umefanya kazi ya mtoto wa kiume. Usimwambie mtu mwingine."

Chediel akarudi gereji, moyo umepungua uzito.

Jumamosi asubuhi alipokea simu kwamba kuna msiba kwa Mzee Mathayo. Aliziacha spana chini, akapanda baiskeli, na njia nzima alijilaumu kwamba hakumwondoa mzee mle ndani hata kwa nguvu. Uani watu walikuwa wamejaa. Akawapenya hadi kwenye banda, na pale mlangoni, amevaa koti lake la kanisani, alisimama Mzee Mathayo.

Lazaro, jirani, akamshika Chediel mkono akamvuta pembeni.

"Ni mama Theodora," Lazaro alinong'ona. "Tangu baridi ianze alikuwa akilala humo garini, anamkimbia mzee na mkanda wake. Sisi majirani tulijua, tukanyamaza. Kila alfajiri nikipita naona mlango wa banda uko wazi." Akatazama banda. "Leo nimeukuta umefungwa komeo. Kwa nje."

Mathayo alikuwa amekwisha kuwaona. Alikuja na askari, akauchukua mkono wa Chediel akaufumbata kwa mikono yake miwili, machozi yakimtiririka.

"Huyu ndiye fundi wetu," alimwambia askari. "Yeye atakueleza jinsi injini hiyo inavyojiwasha yenyewe."