Kivuli Juu ya Mkeka

Picha ya marehemu mama yake Tunu akisuka mkeka ilikuwa imefutwa tena kwenye mkusanyiko wa picha za umma mtandaoni. Alisonya. Ni hiyo tu iliyobaki kuonyesha nakshi ya mama, ambayo hakuna tena mjini anayeijua.

"Wanataka nini hawa? Mama ni wangu, na picha inakaa kabatini kwangu."

"Shoga, hawaulizi mama wa nani," alisema Salha, mwalimu wake wa darasa la jioni la kuweka picha mtandaoni. "Wanauliza nani aliipiga. Wewe umeandika ni kazi yako."

"Aliipiga Hamadi." Kaka yake, ambaye hajasemezana naye tangu matanga ya mama.

"Basi ruhusa anayo yeye."

"Bora nikaliombe jiwe."

"Jiwe halina simu."

Tunu akafumba macho, akamwomba Mungu amlainishie ulimi. Kisha, kwenye skrini, akairudisha sehemu ya chini ya picha, aliyoikata akiona inaichafua. Kivuli cha Hamadi kikatandaa tena juu ya mkeka, kichwa chake kimelala mikononi mwa mama.

Akapiga simu. Ikaanza kuita.