Mlango Kabla ya Kuta

Mgeni siku mbili, ya tatu akipewa jembe ana bahati. Mwanashee, mfanyabiashara wa nguo, hakungoja kupewa. Alilitwaa mwenyewe, akachimba kiwanja alichonunua, akasimamisha mlango wa nakshi. Kuta zingefuata. Katika mji ule mlango hutangulia nyumba, ila ni kwa wenyeji tu. Mgeni hulala kwa mwenyeji wake na kuuzia barazani pake, yeye, wanawe na wajukuu.

Mwenyeji wake, Mwinyi Bwanamaka, alikuja akifoka, umati nyuma yake. Kiwanja kilikuwa wazi pande zote. Angeweza kupita popote. Lakini alipofika mbele ya ule mlango, miguu ilisita yenyewe, na mdomo ukaitangulia akili.

"Hodi!"

Umati ukaangua kicheko.

"Karibu ndani, Mwinyi," Mwanashee akaitikia. "Vua viatu."

"Ndani ya nini? Ya upepo? Binti, ng'oa mlango huu, uniombe radhi mbele ya watu, urudi barazani kwangu!"

Mwanashee akaushika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, na kwa mwingine tumbo lake, kwani alikaribia kujifungua.

"Umebisha hodi mwenyewe, na watu wamesikia. Nani hubisha hodi kwa upepo? Mwanangu atazaliwa kwao, Mwinyi. Ukitaka kuketi, keti, hii ni nyumba. Lakini radhi siombi."