Upepeo Mwekundu wa Jeju

Niliona kwanza vidoa vyeupe. Tumbawe jekundu lenye umbo la upepeo lilikuwa limefungua vidomo vyake vyote, kila kimoja na vikono vinane. Hufunguka hivyo mkondo unapoleta chakula.

Kabla hatujazama baharini, kwa pumzi zetu tu kama wanawake wapiga mbizi wa kisiwa chetu cha Jeju, mama mkwe alikuwa amenicheka. "We Malsun, usiende tena kukodolea maua!"

"Si maua, mama. Ni wanyama. Wanakula."

"Basi waulize wamepika nini leo."

Sasa alikuwa chini yangu, amechomeka kisu chini ya kombe, konokono bapa wa baharini, na kamba ya kisu ameikaza kwenye kifundo cha mkono bila kuilegeza. Kombe alijibana mwambani. Kisu kikanasa, na mkono ukanasa nacho.

Vidomo vilikuwa wazi: mkondo umeanza, na ukishika kasi sitaweza kumfikia. Kifuani nilibakiwa na pumzi ya kurudi juu tu.

Nilishuka, nikaikata kamba kwa mundu wangu wa kuvunia mwani.

Tulipoibuka alitoa pumzi kwa mluzi mrefu, akakohoa, kisha akafoka. "Kisu cha marehemu mama yangu umekiacha kule, mjinga wewe!"

Nilimshika kwapani, nikaogelea naye hadi ufukweni. Leo najibu: visu vipo, mama. Wa kuniita mjinga nyumbani umebaki wewe tu.